Kijiji cha Wapolandi Chini ya Mlima Meru

Mtu asafiriye kutoka Nairobi hadi Arusha, kisha akashika barabara kuu iendayo Moshi, hufika baada ya kilomita kama 13 mahali paitwapo Tengeru. Ni mahali penye neema. Upande wa kaskazini umesimama mlima Meru, vijito hushuka kutoka mwituni, na pande zote kuna migomba na mibuni. Karibu na hapo liko ziwa dogo la Duluti, ambalo maji yake yamejaa katika shimo la volkano ya kale. Wasafiri wengi hupita Tengeru bila kujua kwamba tangu mwaka wa 1942, kwa muda wa miaka kama kumi, palikuwa na kijiji cha watu wapatao 5,000 waliosema Kipolandi, waliosali kwa Kipolandi na waliowafundisha watoto wao kusoma kwa lugha hiyo.

Wazungu hao hawakuja kutafuta mashamba, wala kufanya biashara, wala kutawala. Walikuwa wakimbizi. Habari zao zafaa kujulikana, kwa maana siku hizi neno "mkimbizi" likitajwa, watu wengi hudhani kwamba Mwafrika ndiye akimbiaye na Mzungu ndiye apokeaye.

NCHI WALIKOTOKA

Poland ni nchi ya Ulaya. Katika mwaka wa 1939 ilikuwa katikati ya madola mawili yenye nguvu nyingi, yaani Ujerumani upande wa magharibi na Urusi ya Kisovyeti upande wa mashariki. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni tambarare, na hata jina lake wataalamu wengi hulitoa katika neno la lugha yao lenye maana ya shamba au uwanda. Milima yake mirefu iko kusini, nayo huitwa Tatra. Huko watu wa milimani hujenga nyumba za magogo, hufuga kondoo, na wakati wa baridi huona theluji miezi mingi. Walakini kilele kilicho kirefu kupita vyote katika Poland, kiitwacho Rysy, kina mita 2,499 tu, na mlima Meru una mita 4,562. Tena wengi wa wale waliofika Tengeru hawakuwa watu wa Tatra. Walikuwa wakulima, watumishi wa serikali, walinzi wa misitu na jamaa za askari kutoka tambarare za mashariki ya Poland. Kuishi chini ya mlima mkubwa namna ile kulikuwa jambo jipya kwao.

JINSI WALIVYOTOLEWA KWAO

Tarehe 1 Septemba 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Poland kutoka magharibi, na tarehe 17 ya mwezi ule ule majeshi ya Kisovyeti yaliingia kutoka mashariki. Madola hayo mawili yaligawana nchi. Katika sehemu ya mashariki watawala wapya waliwahesabu kuwa maadui wote waliokuwa na ardhi waliyopewa na serikali ya zamani, na wote waliokuwa na ndugu katika jeshi au polisi. Usiku wa tarehe 10 Februari 1940, katikati ya baridi kali, askari waligonga milango ya nyumba zao. Waliamriwa kufungasha vitu vichache kwa muda mfupi, wakachukuliwa kwa magari ya kukokotwa na farasi hadi stesheni ya reli, na huko wakafungiwa ndani ya mabehewa ya mizigo na ya ng'ombe.

Hilo lilikuwa kundi la kwanza. Makundi mengine yalifuata mwezi wa Aprili na mwezi wa Juni mwaka huo, na tena katika mwezi wa Juni 1941. Mamia ya maelfu ya watu walipelekwa mbali sana, wengine katika misitu ya Urusi ya kaskazini na Siberia kukata miti, wengine katika nyika za Kazakhstan kulima mashamba ya serikali. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Watoto wengi walibaki yatima.

Mambo yaligeuka tarehe 22 Juni 1941, Hitler alipomshambulia yule aliyekuwa mwenzake. Sasa Urusi ilihitaji marafiki. Tarehe 30 Julai mwaka huo ilipatana na serikali ya Poland iliyokuwa imekimbilia London kwamba Wapolandi wafunguliwe, na kwamba jeshi lao liundwe chini ya Jenerali Władysław Anders. Watu walipopata habari hizo walishika njia kuelekea kusini lilikokuwa jeshi, wengine kwa gari la moshi na wengine kwa miguu. Katika mwaka wa 1942 jeshi hilo lilivushwa Bahari ya Kaspi mpaka Uajemi, nalo lilichukua pamoja nalo maelfu ya wanawake na watoto. Askari waliendelea na vita, na miaka miwili baadaye wengi wao walipigana Monte Cassino katika Italia. Lakini jamaa zao wangekaa wapi?

SAFARI YA AFRIKA

Serikali ya Uingereza ilitafuta nafasi katika nchi zilizokuwa chini yake na kwa marafiki zake. Wengine walipelekwa Bara Hindi, wengine Meksiko, na watoto zaidi ya 700 walipokewa New Zealand katika mwaka wa 1944. Watu kama 18,000 waliletwa Afrika. Walipanda meli na kuteremka katika bandari za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Vijiji vyao vilitawanyika kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini. Katika Uganda vilikuwako Masindi na Koja. Katika Tanganyika vilikuwako Tengeru, Ifunda, Kidugala na Kondoa, pamoja na vingine vidogo. Na katika Kenya zilikuwako kambi ndogo, kama Makindu na Rongai.

Idara ya serikali iliyosimamia wakimbizi wa Afrika ya Mashariki ilikuwa na makao yake Nairobi. Wapolandi wengi waliopelekwa Uganda walipita katika mji huo kwa gari la moshi, wakapanda kwa njia ya reli ipitayo Kibera na Dagoretti kwenda Kikuyu na kuteremka Bonde la Ufa. Gharama za kuwatunza ziliandikwa katika hesabu ya serikali ya Poland iliyokuwa London, ambayo ilikopa fedha kwa Waingereza. Kwa hiyo hawakuwa watumwa wala wafungwa. Lakini pia hawakuwa huru kwenda watakako. Mtu aliyetaka kutoka kijijini kwenda safari alihitaji ruhusa.

KIJIJI KILIVYOKUWA

Wapolandi wa kwanza walifika Tengeru mnamo Oktoba 1942. Walikuta nyumba zimekwisha kujengwa na vibarua Waafrika. Zilikuwa nyumba za msonge, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, na mapaa ya nyasi. Mtu aliyesimama juu ya kilima aliona nyumba nyeupe za duara zimepangwa safu kwa safu kati ya miti, kama uyoga baada ya mvua. Ndani mlikuwa na vitanda vyenye vyandarua, meza na viti vichache.

Kwa watu waliotoka Siberia hiyo ilikuwa raha kubwa, lakini haikukosa taabu. Wengi walikuwa dhaifu kwa njaa ya miaka miwili, na malaria iliwashika upesi. Usiku walisikia milio ya wanyama wasiowajua. Akina mama walijifunza kuangalia nyoka katika mapaa na funza katika vidole vya watoto, mambo ambayo mtoto wa Kimeru huyajua tangu akiwa mdogo.

Karibu nusu ya watu wa kijiji walikuwa watoto, na wanaume wenye nguvu walikuwa wachache, kwa sababu walikuwa vitani au wamekufa. Kwa hiyo kazi nyingi za kijiji zilifanywa na wanawake. Wao ndio waliokuwa walimu, wauguzi, wapishi, washonaji na wakulima. Baada ya muda si mrefu Tengeru ilikuwa na hospitali, shule za watoto wadogo, shule ya sekondari, shule za kazi za mikono na kilimo, nyumba ya kulelea mayatima, na shamba kubwa lililotoa mboga na maziwa. Palikuwa na kanisa la Kikatoliki, kwani wengi walikuwa Wakatoliki, na mahali pa ibada pa Waorthodoksi na pa Wayahudi. Jioni palikuwa na nyimbo, michezo ya kuigiza na mikutano ya vijana wa Skauti.

Jambo la kuangaliwa hapa ni shule. Vitabu vilikuwa vichache sana, na mara nyingi mwalimu alisoma na wanafunzi wakaandika. Hata hivyo watoto hawakuachwa kukaa bure. Wazee wa kijiji waliona kwamba nchi yao imechukuliwa na nyumba zao zimepotea, na kwamba kitu pekee kilichobaki mikononi mwao ni lugha, dini na elimu. Hayo yakipotea, mtoto angekua akiwa mtu asiye na kwao kabisa. Msomaji yeyote wa Afrika aliyepata kuona wazazi maskini wakiuza mbuzi kulipa karo ya shule atayafahamu mawazo yao bila kufafanuliwa.

WENYEJI NA WAGENI

Wenyeji wa Tengeru ni Wameru, ambao lugha yao ni jamaa ya Kichaga, na jirani zao ni Waarusha. Wakati ule Wazungu waliowajua walikuwa wa namna tatu: mtawala, mmisionari, na mwenye shamba. Wote walikuwa na watumishi. Sasa walifika Wazungu wa namna nyingine. Waliwaona wanawake wa Kizungu wakichota maji, wakifua nguo zao wenyewe, wakilima bustani kwa jembe, na wakitembea kwa miguu njiani kwa kuwa hawana gari. Waliwaona watoto wao wakicheza bila viatu.

Maafisa wengine wa serikali hawakupendezwa na jambo hilo. Waliogopa kwamba Waafrika wakimwona Mzungu maskini afanyaye kazi ya mikono, heshima ya utawala itapungua. Hiyo ilikuwa sababu moja ya kuwaweka wakimbizi mbali na miji na kuwazuia kutembea ovyo. Lakini macho hayana pazia. Wameru walileta ndizi, mayai, maembe na kuku, wakavibadili kwa nguo au kuviuza kwa fedha. Wengine waliajiriwa kijijini kuwa walinzi, wapishi na wachukuzi. Watoto wa Poland walijifunza Kiswahili upesi kuliko wazazi wao.

Haifai kusema kwamba watu hao walikuwa sawasawa katika kila jambo. Katika sheria za wakati ule mkimbizi alihesabiwa kuwa Mzungu, na Mwafrika aliyemfanyia kazi alipokea mshahara wa Mwafrika. Hata hivyo Wameru walipata kujua jambo ambalo shule hazikuwafundisha: kwamba Mzungu naye aweza kunyang'anywa nchi na Mzungu mwenzake, na kulala njaa, na kulia.

VITA VILIPOKWISHA

Vita vya Ulaya vilikwisha mwezi wa Mei 1945, na mtu angedhani kwamba sasa Wapolandi wangefunga mizigo na kwenda kwao. Haikuwa hivyo. Katika mkutano wa Yalta, mwezi wa Februari mwaka ule, wakuu wa Uingereza, Marekani na Urusi walikuwa wamekubaliana mpaka wa Poland usogezwe upande wa magharibi. Mashariki ya Poland, kule kule walikotoka watu wengi wa Tengeru, ikawa sehemu ya Urusi ya Kisovyeti. Siku hizi nchi hiyo imo katika Ukraine, Belarus na Lithuania. Tarehe 5 Julai 1945 serikali ya Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Poland iliyokuwa London, ikaitambua ile mpya ya Warsaw iliyokuwa chini ya Wakomunisti. Basi mtu aliyekuwa na nyumba mashariki ya Poland aliambiwa kwamba nyumba yake sasa imo katika nchi ya wale wale waliomfukuza.

Wachache walirudi Poland kutafuta ndugu zao. Wengi walikataa. Kuanzia mwaka wa 1947 Shirika la Kimataifa la Wakimbizi lilianza kuwatafutia mahali. Wale waliokuwa na waume, baba au kaka katika jeshi lililopigana pamoja na Waingereza waliruhusiwa kwenda Uingereza. Katika mwaka wa 1949 mayatima wapatao 150 wa Tengeru walipelekwa Kanada kwa njia ya Italia na Ujerumani, na serikali ya Warsaw ikalalamika sana, ikisema kwamba watoto wa taifa lake wameibwa. Katika mwaka wa 1950 meli iitwayo General Langfitt ilitoka Mombasa na kuwachukua Wapolandi zaidi ya 1,000 mpaka Australia, ikafika Fremantle tarehe 15 Februari. Hivyo kijiji kilipungua nyumba kwa nyumba. Tengeru ilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwisho kufungwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waliopata ruhusa ya kubaki Afrika ya Mashariki walikuwa wachache, hasa wale waliokuwa na kazi au waliooa na kuolewa huku.

ARDHI YA WAMERU

Katika miaka ile ile ambayo Wapolandi walikuwa wakiondoka, wenyeji wao walipatwa na msiba wa namna hiyo hiyo. Upande wa pili wa mlima, kaskazini-mashariki, liko eneo liitwalo Engare Nanyuki. Wameru walikuwa wamechanga fedha na kulinunua tena shamba ambalo lilichukuliwa na walowezi. Lakini serikali ya Tanganyika ilitaka eneo hilo liwe la walowezi wa Kizungu wafugao ng'ombe. Mwezi wa Novemba 1951 watu kama 3,000 walifukuzwa, na nyumba zao zikachomwa moto.

Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha tena, na katika mwaka wa 1952 walimtuma Kirilo Japhet kwenda New York kupeleka malalamiko yao mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Yeye alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya baraza hilo. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini kesi yao ilisikika ulimwenguni na iliwaamsha watu wengi wa Tanganyika waliodai uhuru baadaye.

Wakimbizi wa Tengeru hawakuhusika na kufukuzwa kwa Wameru. Lakini mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja humfanya mtu afikiri. Chini ya mlima mmoja, katika muda wa miaka kumi, serikali moja iliwajengea nyumba watu waliochomolewa makwao na dola jingine, kisha ikachoma nyumba za watu wake yenyewe. Mwenye kufukuzwa, awe mweusi au mweupe, huuliza swali lile lile: nimekosa nini?

YALIYOBAKI

Leo nyumba nyeupe za msonge hazipo tena. Mahali hapo pana chuo cha mafunzo ya mifugo, na vijana kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania husoma hapo namna ya kutunza ng'ombe na kuku. Kilichobaki hasa ni makaburi. Yako kama 150, ndani ya ua wa ukuta, chini ya miti, na majina ya Kipolandi yameandikwa juu yake. Wengi waliolala hapo ni Wakatoliki, lakini wamo pia Waorthodoksi na wa dini ya Kiyahudi. Wamo watoto wachanga waliozaliwa safarini, na wazee waliotaka kuiona nchi yao mara moja tena wasiione. Wapolandi wachache waliobaki baada ya kijiji kufungwa walizeeka hapo hapo, nao pia wakazikwa pamoja na wenzao. Serikali ya Poland husaidia kuyatunza makaburi hayo, lakini mikono ifagiayo majani na kupaka chokaa ni ya wenyeji wa Tengeru. Masindi katika Uganda nako limebaki kanisa la mawe lililojengwa na wakimbizi hao, na Waganda na Wanyoro wangali wakisali ndani yake.

Mambo yaliyowapata watu kama hao ndiyo yaliyosababisha mataifa kukutana Geneva katika mwaka wa 1951 na kuandika Mkataba wa Wakimbizi. Mkataba huo hapo kwanza uliwahusu watu waliokimbia kwa sababu ya mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na ni katika mwaka wa 1967 tu ulipopanuliwa uwahusu wakimbizi wa wakati wote. Siku hizi Kenya hulinda kwa mkataba ule ule watu wengi waliokimbia vita katika nchi jirani, huko Dadaab tangu mwaka wa 1991 na Kakuma tangu mwaka wa 1992, na wengine hukaa Nairobi kwenyewe, katika Eastleigh na katika mitaa ya magharibi kama Kawangware, wakitafuta riziki kama watu wengine wa mji.

Wakimbizi hao hutazamwa mara nyingi kana kwamba ni watu wa namna ya peke yao, waliozaliwa kuwa wahitaji. Makaburi ya Tengeru yatoa ushahidi mwingine. Mwanamke aliyezikwa hapo alikuwa na shamba lake, ng'ombe wake na jirani zake katika tambarare za Poland, hata usiku mmoja askari wakagonga mlango. Wameru waliompokea hawakuulizwa kama wanataka kumpokea, wala hawakupewa malipo kwa hilo. Nao walimwuzia mayai, wakamfundisha mwanawe Kiswahili, na mpaka leo wanalitunza kaburi lake.